Kivuko Kwanza, Mpaka Baadaye: Ramani ya Isingiro na Wakelti wa Mezani

Katika karne ya 2, mtaalamu wa Aleksandria aitwaye Klaudio Ptolemaio alikusanya majina ya mahali elfu kadhaa na kulipa kila jina namba mbili za kulipatia nafasi yake juu ya dunia. Sehemu nyingi alizoziandika hakuwahi kuzikanyaga; alitegemea habari za mabaharia, wachuuzi na askari. Kitabu chake kinaorodhesha makabila ya Uingereza na Ireland, watu ambao leo tumezoea kuwaita Wakelti: Brigantes, Silures, Caledonii na wengineo. Kitabu hichohicho kinataja Rhapta, soko la pwani ya Afrika ya Mashariki, na Milima ya Mwezi ambayo theluji yake ilidhaniwa kulisha maziwa ya chanzo cha Nile. Kote kuwili alikosea kwa namna inayofanana. Uskoti wake umelala kuelekea mashariki kana kwamba umesukumwa na upepo, na maziwa ya Nile ameyatupa mbali mno kusini mwa ikweta. Majina yapo, na mengine ni sahihi kabisa. Kinachokosekana ni namna ya kutoka jina moja kwenda jingine. Mtu anayesoma orodha ile anajua nani yuko upande gani, lakini hajui apite wapi.

Watu wanaobuni michezo ya mikakati ya mezani au ya kompyuta yenye sura ya Kikelti mara nyingi huanzia palepale alipoishia Ptolemaio. Huchukua makabila, hulikatia kila moja kipande cha ardhi, hukizungushia mstari, hukipaka rangi, kisha hupamba kingo kwa mafundo ya kusukana yanayofahamika kama sanaa ya Kikelti. Ramani inapendeza ikiwa ukutani na inachosha ikiwa mezani, kwa sababu mchezaji hawezi kuona kwa haraka jeshi lake litapenya wapi. Dawa inayotolewa huwa ni kupunguza rangi na kukuza herufi. Hayo yanasaidia kidogo, lakini ugonjwa uko kwingine. Ramani ya mkakati husomeka pale mchoraji anapoanza na vivuko na njia, na kuiacha mipaka ije mwishoni ikiwa na sababu ya kuwapo. Ushahidi wa kutosha wa jambo hilo haupatikani Ireland tu. Upo pia kusini-magharibi mwa Uganda, katika nchi ya Isingiro, kati ya mji wa Mbarara na Mto Kagera, ambako ndani ya miaka mia moja na ushee ramani kadhaa zimewekwa juu ya ardhi ileile, na karibu kila moja ilisomeka vizuri kwa aliyeichora na vibaya kwa aliyeikalia.

Katikati ya nchi hiyo iko Kaberebere. Ni kituo cha biashara kwenye barabara itokayo Mbarara kwenda Isingiro na kuteremka hadi Kikagati, mahali ambapo Kagera inatenganisha Uganda na Tanzania. Kaberebere si mji mkuu wa zamani wa mfalme yeyote anayekumbukwa sana, si makao makuu ya wilaya, wala si sehemu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ukichora ramani ya Ankole kwa vipande vya utawala, jina hilo unaweza kulikosa kabisa bila mtu kulalamika. Hata hivyo, ndizi za mkungu zinazopanda kwenda Mbarara, bidhaa za madukani zinazoteremka, na mkimbizi anayesafiri kati ya Nakivale na mji kutafuta hospitali, soko au karatasi za ofisini, vyote hupita hapo. Mahali pa namna hii ndipo pa kuipimia ramani: isipopaonyesha, ramani hiyo haijui nchi inavyofanya kazi.

Tuanze na ramani ambayo haikuchorwa. Ufalme wa Nkore, ambao baadaye ulikuja kuitwa Ankole na ambao kiini chake cha zamani kilikuwa huko Isingiro, haukujipima kwa eka. Makao ya Omugabe, yaani mfalme, yalihamahama; kila mtawala aliweka orurembo yake, yaani makao yake, na mara nyingi zaidi ya moja katika maisha yake. Mwanahistoria Samwiri Karugire, aliyeandika historia ya Nkore hadi mwaka 1896, ameeleza jinsi simulizi zinavyomhusisha Ntare IV Kitabanyoro na mpango wa emitwe, yaani vikosi vya vita vilivyowekwa chini ya viongozi wao. Mtu alihesabiwa kwa kikosi chake na kwa mkubwa aliyemtumikia, na ng'ombe walihesabiwa kwa wenyewe. Malisho yalibadilika kwa majira, maji ya Rwizi na ya mabwawa yanayounganika na maziwa ya Mburo na Nakivale yakawavuta wafugaji kiangazi, kisha mvua zikawatawanya. Katika nchi ya namna hiyo adui hakuja kuchukua mstari. Alikuja kuchukua mifugo, na swali la mlinzi lilikuwa atapitia bonde gani akija, na atarudi nao kwa kivuko kipi.

Ireland ya kale ilifanana na hali hii kuliko wapenzi wengi wa michezo wanavyodhani. Kabla ya miji kuja, kitengo cha siasa kilikuwa túath, jamii ndogo yenye mfalme wake, na uwezo wa mfalme ulipimwa kwa wateja na mateka aliokuwa nao zaidi ya upana wa shamba lake. Sheria za Kiairishi za zamani zilitumia ng'ombe wa maziwa kuwa kipimo cha thamani, wakati faini na hadhi zilipokadiriwa. Na utenzi wao mkubwa wa vita, Táin Bó Cúailnge, ni habari ya uvamizi wa mifugo: Malkia Medb wa Connacht anakwenda kumteka fahali mmoja wa Cooley, huko Ulster, na kijana Cú Chulainn anazuia jeshi zima akiwa peke yake. Analizuia wapi? Kwenye vivuko vya mito. Pambano baada ya pambano linafanyika majini, na lile kali kuliko yote, la kumkabili rafiki yake Fer Diad, ni la kivukoni vilevile. Msimulizi wa Táin alijua jambo ambalo mchoraji wa vipande vya rangi hulisahau: jeshi kubwa linaweza kuwa popote nchini, lakini kuvuka litavuka mahali pachache, na hapo ndipo mtu mmoja anapolingana na elfu. Kama mchezo wa Kikelti unataka kuwa wa Kikelti kwa maana yake, basi ramani yake iwe ya vivuko. Mafundo ya mapambo yanaweza kusubiri.

Turudi Ankole. Mwaka 1889 Henry Morton Stanley alipita huko akimsindikiza Emin Pasha kuelekea pwani, pamoja na msafara mkubwa uliokuwa na njaa na wagonjwa. Alichohitaji ni njia na chakula. Kwa niaba ya Omugabe Ntare V alikuja mwanamfalme Bucunku, wakachanjiana undugu wa damu, msafara ukapita, ukavuka Kagera na kuingia Karagwe. Kwa upande wa Nkore kilichotolewa ni ruhusa ya kupita. Stanley aliporudi Ulaya alikihesabu kiapo kile kuwa sehemu ya mikataba ya kukabidhi nchi, na madai ya namna hiyo yakawa karata mezani wakati Uingereza na Ujerumani zilipokaa kugawana. Hapa ndipo ramani ya njia ilipogeuzwa kuwa ramani ya vipande, na waliogeuza hawakuwa wenye njia.

Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ulikata mstari kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, kutoka Ziwa Viktoria kwenda magharibi. Ulijali hata kuuacha Mlima Mfumbiro upande wa Waingereza, mlima ambao waliotia saini hawakuwa wameuona na ambao hawakuwa na hakika nao ni mmoja au ni wengi. Kwenye karatasi mstari ule unasomeka kwa urahisi wa ajabu. Mtoto wa shule anaweza kuuchora kwa rula. Kwenye ardhi hauonekani hata kidogo. Tume ya mpaka ya Waingereza na Wajerumani ilifanya kazi kati ya mwaka 1902 na 1904, upande wa Uingereza ukiongozwa na Delmé-Radcliffe, kuutafuta mstari huo kwa nyota na darubini na kuuwekea alama. Mwishowe mpaka ukawa na sura mbili: upande wa magharibi unafuata Kagera, kisha mto unapopinda unauacha na kushika mstari ulionyooka hadi ziwani. Matokeo yake ni kwamba kipande cha ardhi kaskazini mwa mto kilibaki upande wa Wajerumani, baadaye Tanganyika, ilhali mto wenyewe, ambao kila mchungaji aliufahamu, kwa sehemu hiyo umepita ndani ya nchi moja.

Ndani ya Ankole kwenyewe, makubaliano ya mwaka 1901 yalifanya kazi inayofanana. Omugabe Kahaya alitambuliwa, nchi jirani kama Buhweju na Igara zikajumuishwa, na eneo zima likagawanywa katika masaza: Isingiro, Rwampara, Kashari, Nyabushozi, Shema na mengine. Waziri mkuu wa Omugabe, Nuwa Mbaguta, alijua kuitumia ramani hiyo mpya kuliko wengi wa zama zake, na kodi ikakusanywa kwa kipande, si kwa kikosi. Siwezi kusema mpango huo haukusomeka. Ulisomeka sana, kwa ofisi iliyokuwa Mbarara. Karani aliweza kutazama daftari na kujua nani anadaiwa. Lakini usomekaji huo ulikuwa wa mtu aliyekaa juu akitazama chini. Mchezaji wa mkakati si karani; kwake kila mahali panauliza swali la zamu inayofuata.

Gharama ya kuchanganya ramani hizi mbili ilionekana mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, yakashika ardhi ya kaskazini mwa Kagera, na Amin akatangaza kwamba kuanzia hapo mpaka ni mto. Kwa ramani ya vipande, tukio lile linaonekana kama ujirani mbaya juu ya kona moja. Kwa ramani ya vivuko, linasimulia vita vizima. Wanajeshi wa Uganda walilipua daraja la Kyaka, juu ya Kagera, kwa sababu walijua kwamba anayelishika ndiye anayeamua nani atavuka. Tanzania ililazimika kusubiri, kukusanya watu na silaha, kuweka daraja la muda, na kuvuka. Kutoka hapo vita vikafuata mihimili miwili. Mmoja ulipitia Mutukula kwenda Masaka. Mwingine ulikuwa wa magharibi, ukapanda kupitia milima ya Gayaza, ndani ya Isingiro ya leo, kuelekea Mbarara, ambayo ilitekwa mwishoni mwa Februari 1979. Atakayetengeneza mchezo wa vita vya Kagera na kuigawa nchi kwa wilaya atapata mchezo wa kusogeza vijiti kutoka rangi moja hadi nyingine. Atakayechora mto, madaraja mawili matatu, milima na barabara ataelewa kwa nini majuma mengi yalipita bila kitu kutokea, kisha mengi yakatokea kwa siku chache.

Mwaka 1990 jambo likajirudia kwa mpaka mwingine. Tarehe 1 Oktoba wapiganaji wa RPF (Rwandan Patriotic Front), wengi wao wakiwa watoto wa wakimbizi waliolelewa Uganda, waliingia Rwanda kupitia Kagitumba, jirani na mahali mito inapokutana kwenye pembe ya nchi tatu. Mpaka wa Uganda na Rwanda una urefu wa kilomita nyingi, lakini mlango walioutafuta ulikuwa mmoja.

Baadhi ya watoto hao walikuwa wa Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Yanakadiriwa kuwa na kilomita za mraba 185, yakizunguka ziwa lenye jina hilohilo, na leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Ramani yake ya kiofisi, inayotumiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu na mashirika, ina kanda tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, kila moja ikiwa na vijiji vyake. Ni ramani nzuri kwa kugawa posho na kujua kisima kipi kimeharibika. Lakini hebu fuata maisha ya mwanamke mmoja wa kufikirika, Mkongo aliyepewa kiwanja Rubondo. Maji yake yako upande mmoja, shamba la kukodi kwa mwenyeji liko nje ya mstari wa makazi, mteja wa mahindi yake yuko sokoni, kadi yake ya usajili inahakikiwa Base Camp, na mtoto akizidiwa anapelekwa Mbarara kwa njia ya Kaberebere, kwa bodaboda au kwa gari la abiria linalosubiri hadi lijae. Kanda yake haimwambii hata moja kati ya hayo. Watu wenyewe, wakiachwa wataje mahali kwa namna yao, hutumia vituo: pale New Congo, pale kwa Wasomali, pale gari linapogeuzia. Hiyo ni ramani ya nukta na njia, na inasomeka hata kwa mgeni aliyefika jana.

Hapa kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Mtu atasema: mipaka si ya karatasi tu, watu hufa na kupona kwa ajili yake. Ni kweli. Mkimbizi anayevuka Kagera kuja Kikagati anakuwa mtu mwingine mbele ya sheria mara anapokanyaga ng'ambo, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ambazo upande wa pili wa mto huenda hana. Mwaka 1982, wakati Wanyarwanda wa Ankole walipofukuzwa majumbani mwao na vijana wa chama tawala na viongozi wa mitaa, maelfu walikimbilia ndani ya makazi kama Nakivale na maelfu wengine wakakimbilia Rwanda. Mstari wa makazi ukawa kinga na kizuizi kwa wakati mmoja. Na mstari huohuo umegombaniwa kwa miongo kadhaa kati ya wakimbizi na wenyeji, kila upande ukidai kwamba shamba fulani liko ndani au nje. Basi mipaka ina nguvu. Lakini tazama nguvu yake inatokea wapi. Mstari wa makazi ulikuwa mkali mwaka 1982 kwa sababu palikuwa na watu wenye marungu upande mmoja na mamlaka ya kupokea wakimbizi upande wa pili. Miaka mitano kabla ya hapo ng'ombe walikatiza juu yake bila kusimama. Mpaka ni tukio lenye tarehe, na ramani inayouchora kwa wino uleule wa mto inamdanganya msomaji kuhusu uzito wake. Kinachofaa ni kuuchora kwa kadiri unavyozuia katika mwaka ambao mchezo unauhusu: nukta nukta kwa mwaka 1895, mstari mwembamba kwa mwaka 1904, mnene kwa mwaka 1978. Mto uwe mnene wakati wote.

Pingamizi la pili ni la kiufundi, na linatoka kwa wachezaji wenyewe. Wanasema bila vipande vilivyozungushiwa mstari mchezaji hajui jeshi lake limekaa wapi, na ubishi utakula mchezo. Jibu limewekwa mezani Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi. Bao la pwani, omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda yote hutumia ubao wa safu nne za mashimo manane, kete 64, na hakuna anayebishana kete iko wapi. Shimo ni mahali. Lina ujirani unaojulikana, lina uelekeo wa kusafiri, na kete zilizomo zinahesabika kwa jicho. Katika bao la Waswahili hata mashimo yenye hadhi ya pekee, kama nyumba, hutambulika kwa umbo au nafasi yake bila rangi wala maandishi. Kwa hiyo usomekaji wa ubao hautokani na mzingo. Unatokana na kujua shimo lipi linafuata lipi. Michezo ya Ulaya nayo inakiri hivyo bila kusema. Ubao wa Risk, uliobuniwa na mtengeneza filamu wa Kifaransa Albert Lamorisse na kutolewa mwaka 1957, una maeneo 42 yenye mipaka iliyopotoshwa vibaya, Afrika ya Mashariki nzima ikiwa kipande kimoja. Unachezeka kwa sababu mistari ya baharini inaonyesha wazi nani anamgusa nani. Ondoa mipaka ya nchi kavu ukaacha viunganishi, mchezo utaendelea. Ondoa viunganishi ukaacha mipaka, utakwama kwenye zamu ya pili.

Kuna mfano wa upande mwingine unaostahili kutajwa. Mchezo wa vita wa Kiprusia, Kriegsspiel, uliowasilishwa mwaka 1824 na Reisswitz mdogo, ulitumia ramani halisi za kijeshi zenye vipimo vikubwa, kila kilima na kila kijito mahali pake. Maofisa waliupenda, na ulifaa kuwafundisha. Lakini ulihitaji mwamuzi mwenye ujuzi wa kuamua kikosi kimefika wapi na kimeona nini. Pale ramani inapoonyesha kila kitu, lazima awepo mtu wa kuisoma kwa niaba ya wachezaji. Mchezo wa mezani wa marafiki wanne hauna mtu huyo, na hivyo mchoraji ndiye anayepaswa kuamua mapema kipi kinahusu uamuzi na kipi hakihusu.

Halafu linakuja suala la mapambo, maana wanaotaka mchezo wa Kikelti wanautaka kwa sura yake pia, sawa na ambavyo mchezo wa Ankole ungeitaka pembe ndefu ya ng'ombe, na mchezo uliobuniwa na vijana Wanyarwanda wa Nakivale ungeweza kuvutiwa na imigongo, ile michoro ya mistari myeusi, myeupe na myekundu ya mashariki mwa Rwanda. Sioni ubaya wake. Ila Wakelti wenyewe wametuachia fundisho bora kuliko mafundo yao. Kitabu cha Kells, kilichotengenezwa karibu na mwaka 800, kina kurasa zilizofunikwa na mapambo hadi jicho linapotea. Kurasa hizo ni chache. Nyingi za kitabu zina maandishi makubwa ya wazi yanayosomeka. Tena waandishi wa Ireland ndio waliozoeza Ulaya kuacha nafasi kati ya neno na neno, kwa kuwa Kilatini kilikuwa lugha ya kigeni kwao na maandishi yaliyoungana yaliwatesa. Watu waliopamba kuliko wote ndio waliotenganisha maneno. Wabuni wa michezo wameiga kurasa chache za mapambo na kuzisahau zile nyingi za maandishi.

Kwa mbuni wa Mbarara au Nakivale kuna sababu nyingine ya kutotegemea rangi. Ramani yake ya majaribio itatolewa kwenye duka la fotokopi, kwa wino mweusi, kwenye karatasi ya kawaida, kwa sababu nakala ya rangi ni ghali. Kijani na nyekundu vitatoka kijivu kimoja. Ikiwa tofauti ya Kashari na Isingiro inategemea rangi, mchezo umekwisha kabla haujaanza. Kivuko kikiwa na alama yake, mfano mistari miwili iliyokatiza mto, kitabaki kivuko hata nakala ya kumi. Majina nayo yana mtego: Bunyaruguru haiingii kwenye duara dogo, na mtu akilipindisha kufuata mwinuko wa bonde, msomaji atageuza shingo. Liandikwe sambamba, pembeni mwa nukta yake, hata kama mahali penyewe ni padogo.

Labda mtu atauliza kwa nini Kaberebere ipewe nukta wakati kuna miji mikubwa zaidi. Ukubwa haujawahi kuwa kipimo. Gayaza haikuwa mji ilipogombaniwa mwaka 1979, na Kikagati ni kituo kidogo kinachojulikana kwa daraja lake la kwenda Murongo. Barabara ya Mbarara hadi mpakani iliwekwa lami katika miaka ya 2010, na kwa hilo kila kituo kilichoko juu yake kimeongezewa uzito, huku vijiji vilivyoko kilomita chache kando vikibaki na vumbi lao. Mchezo unaohusu biashara ya ndizi, au safari ya wakimbizi, au vita vya Kagera, utaikuta Kaberebere njiani kila mara.

Basi, kwa anayekaa leo na karatasi tupu, awe anachora Connacht na Ulster au anachora Ankole, mpangilio wa kazi uwe huu: mito kwanza, na kwa upande wetu hiyo ni Kagera na Rwizi pamoja na maziwa yake, kisha vivuko, Murongo, Kyaka na Kagitumba, kisha njia zinazoviunga, Kaberebere ikiwa juu ya mojawapo, kisha milima inayozuia. Mipaka ije mwisho, kila mmoja ukiwa na mwaka wake pembeni, na mapambo yabaki kwenye fremu. Nakala ya kwanza apewe mtu asiyeijua nchi hiyo, aulizwe jeshi lililoko Mbarara lifike Karagwe kwa kupitia wapi. Akichelewa kujibu, karatasi irudi mezani.